Seli za Kiherehere

Jina la kwenye kitambulisho analo, na ni zuri tu, ila hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Kiherehere, na usimwonee huruma, jina hilo alilifanyia kazi. Alikuwa na miaka sita jirani alipobisha hodi, naye akakimbilia mlangoni, akamkaribisha vizuri, akamweleza kwamba shangazi yupo chumbani ila amesema aambiwe hayupo. Shangazi, ambaye ndiye aliyemlea, akatoka uso umemshuka kama nguo iliyolowa. Kuanzia hapo jina likaganda.

Amekua nalo hivyohivyo. Shuleni kidole chake kilikuwa juu kabla swali halijafika mwisho. Kwenye grupu la simu la kazini, yeye ndiye anayeandika "nipo" kabla watu hawajajua kinachotakiwa ni nini. Sasa ana miaka ishirini na sita na anafanya kazi maabara, jengo la utafiti lililo nyuma ya hospitali, ghorofa ya pili, mlango wa chuma ulioandikwa usiingie na chakula. Chini ya hayo maandishi mtu amebandika picha ya paka analia.

Utafiti wenyewe una swali moja tu. Watu wawili wanalala chumba kimoja. Mmoja ana TB ya mapafu, amekohoa miezi mitatu, madirisha yamefungwa. Mwenzake haumwi hata mafua. Kwa nini? Dokta, mama mmoja mtulivu mwenye miwani ya kamba ambaye ndiye mkuu wa maabara, anaamini sehemu ya jibu imo kwenye seli fulani za damu.

Maana seli nyingi za kinga zinafanya kazi kama ofisi. Mdudu akiingia, faili linafunguliwa, linapelekwa juu, linasubiri sahihi, na wiki moja baadaye ndipo jeshi linatoka. Ila kuna kundi jingine ambalo halina muda wa faili. Limejikalia hukohuko mapafuni na tumboni, linanusa. Bakteria wengi hujipikia vitamini ambayo sisi miili yetu haiwezi kuipika, na harufu ya jiko lao tu ikitoka, hizi seli zishafika mlangoni na rungu. Hazijaitwa, hazijafundishwa, zimezaliwa zikijua.

Wataalamu wakazipa jina refu la Kiingereza, kisha wakalifupisha kwa herufi nne: M, A, I, T. Kwa lugha nyingine huenda hakuna tatizo. Sasa wewe jaribu kumwambia mtu wa Kiswahili, aliyekuja na mume anayekohoa damu, kwamba unaomba kuangalia MAIT zake. Wiki ya kwanza baba mmoja aliteremsha mkono wa shati, akasema kwa heshima zote kwamba yeye bado hajafikia huko, akaondoka na hakurudi.

Aliyeokoa jahazi ni nani kama si Kiherehere. Alimkalisha mgonjwa aliyefuata, akamwuliza kama mtaani kwake yupo yule jirani ambaye moshi ukitoka tu kwako, yeye ashafika na ndoo kabla hujapiga kelele. Mgonjwa akacheka, akasema yupo, na anaudhi. Basi na damuni wamo hao, akamwambia, tunaziita seli za kiherehere. Mkono ukanyooshwa. Dokta akalipenda jina, akalipitisha rasmi, akatoa na amri: zile herufi nne zisivuke mlango wa maabara. Zikae humohumo na paka wao.

Namba ishirini na saba kwenye utafiti alikuwa fundi cherehani. Mama wa miaka kama hamsini na tano, mrefu, futi ya kupimia shingoni muda wote, hata akija kutolewa damu. Mumewe ndiye aliyekuwa anaumwa. Fundi amemlisha, amemwogesha, amelala ubavuni mwake miezi yote, na mwenyewe mzima kama kengele. Alikuwa atoe damu mara tatu: mwanzo wa dawa za mume, mwezi wa tatu, na mwezi wa sita dawa zinapoisha. Alimpenda Kiherehere. Alimwita mwanangu, na kila akija alimkosoa pindo la koti lake jeupe, kwamba aliyelishona alikuwa na haraka au na njaa.

Sasa sikiliza kazi ilivyo, kwa sababu mkasa umo humu. Damu unaichanganya na maji ya chumvi, unaimimina taratibu juu ya maji mazito maalumu, taratibu kama unamlaza mtoto aliyesinzia, halafu unaipeleka kwenye mashine ya kuzungusha. Baada ya dakika ishirini na tano damu inakuwa imejipanga yenyewe: nyekundu chini, njano juu, na katikati utando mweupe, mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Huo utando ndio kila kitu. Seli zote wanazozitafuta zimo humo. Lakini lipo sharti: mashine iachwe isimame yenyewe, bila breki, mpaka ichoke. Ukiweka breki, inasimama kwa ubishi, matabaka yanavurugana, na utando unapotea kama sukari kwenye chai.

Mzee wa Grafu, ambaye si mzee, ni kijana wa miaka ishirini na nane mwenye kitambi cha mapema na kompyuta mbili za kuchorea matokeo, alikuwa anasema kazi hii Kiherehere aliumbiwa. Ndiyo kazi pekee duniani inayotafuta mtu asiye na breki.

Na kweli aliiweza. Sampuli mia moja na kumi na tatu, hakuna hata moja iliyoharibika. Kila ikitimia moja, anatupia picha ya utando kwenye grupu, watu wanamrushia taji. Malkia wa Utando. Usijidai ungeweza kuvumilia sifa za namna hiyo bila kichwa kuvimba.

Siku ya mkasa mwenzake wa maabara alikuwa anaumwa jino, hakuja. Dokta akauliza kama amtafutie msaidizi. Kiherehere akajibu sentensi ikiwa katikati: "Niachie mimi, Dokta."

Basi aliachiwa. Asubuhi akaosha seli za jana, na kuosha ndiko kunakotaka breki. Akaweka breki. Saa nne ikaja damu ya fundi, ya mwezi wa sita, ya mwisho. Akaimimina vizuri, akaifunga, akabonyeza. Huku anazungusha, huku anajaza fomu, huku anajibu grupu. Mashine ikalia, akafungua mfuniko akiwa tayari na simu ya kupiga picha.

Tyubu nne, zote rangi moja. Wekundu wa matofali toka juu hadi chini.

Alizitazama muda mrefu kama mtu anayesubiri zibadilishe mawazo. Kisha akaangalia kioo cha mashine. Breki: tisa, ileile ya asubuhi, hakuitoa.

Hapa ndipo alipotakiwa kuwa na kiherehere. Fomu ina kisanduku kwa kazi hiyohiyo, "sampuli imeharibika", kidogo hata ukucha wa kidole cha mwisho unakifunika. Unaweka alama, unaandika sababu, unamwambia Dokta, fundi anaombwa arudi, anasonya kidogo, basi. Maabara zote duniani zina hicho kisanduku kwa sababu maabara zote duniani zina watu. Lakini yeye hajawahi kukiwekea alama. Mia moja na kumi na tatu. Na asubuhi hiyohiyo alisema niachie mimi.

Akaingia chumba cha kutolea damu, akafunga mlango, akajifunga mpira mkononi kwa meno. Mshipa wake ukatokea mara moja. Hata mshipa wake una kiherehere. Akajaza tyubu nne, akarudi, akaweka breki sifuri, akaihakiki mara tatu. Utando ukatoka mweupe, mzuri kuliko wa wote. Akaandika ishirini na saba.

Picha akaituma, maana asingetuma wangeuliza. Mataji yakaanza kumiminika. La kwanza alilitazama, la pili akazima simu.

Utashangaa jinsi mtu anavyoweza kuishi na jambo. Miezi miwili seli zililala kwenye tangi la baridi kali zikisubiri wenzao, na yeye alikula, alilala, alicheka, ila mataji hakuyataka tena. Akawa anasema picha za utando zimepitwa na wakati. Mzee wa Grafu akamwuliza kama amepata mchumba mwenye wivu na damu.

Siku ya majibu ikafika. Wakakusanyika nyuma ya kompyuta. Mzee wa Grafu akafungua mchoro wa seli za kiherehere za watu wote waliokaa na wagonjwa bila kuugua, kila mtu na mstari wake, mistari imelala sambamba kama nguo kwenye kamba. Isipokuwa mmoja. Mwanzo asilimia nne, mwezi wa tatu asilimia nne, mwezi wa sita umeanguka mpaka sifuri nukta tatu.

"Ishirini na saba," alisema Mzee wa Grafu. "Huyu kiherehere kimemwisha."

Watu wakacheka. Kiherehere akacheka pia, na hicho kicheko ndicho atakachokikumbuka siku akizeeka.

Dokta hakucheka. Alivua miwani ikaning'inia kifuani. Seli hizi zikipungua ghafla kwenye damu, alisema, huenda zimehamia mapafuni kwa sababu kuna kitu huko. Kwa wagonjwa wa TB wameliona hilo. Huenda fundi ndiyo anaanza kuumwa. Akaagiza apigwe picha ya kifua na atoe makohozi ya kuotesha, na kuotesha kunachukua mpaka wiki sita, mdudu wa TB hana haraka.

Mdomo wa Kiherehere ulifunguka. Ushahidi upo, mwenzake alimwona. Miaka ishirini mdomo huo umefunguka kabla ya akili. Siku ile ulifunguka, ukapiga mwayo wa uongo, ukafungwa.

Usiku huohuo alishapiga hesabu zake, na hesabu ya mwoga siku zote inatoka sawa. Fundi haumwi. Picha itatoka safi. Makohozi hayataota kitu. Dokta atasema basi ilikuwa bahati mbaya ya takwimu, mstari utaachwa, hakuna atakayejua na hakuna atakayeumia. Kinachotakiwa ni kukaa kimya wiki sita tu. Picha ikatoka safi kweli. Akashusha pumzi. Angalia, alijiambia, inakwenda vizuri.

Wiki ya nne Sista, nesi wao wa kuzungukia wagonjwa majumbani, alibanwa na kazi akatafuta mtu wa kwenda kuchukua makohozi ya mwisho kwa fundi. Kila mtu akamgeukia Kiherehere, kwa mazoea. Akaenda na kikasha chake.

Fundi anashonea chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ipo dirishani, nguo za watu zimening'inia ukutani na vikaratasi vya majina, mume amelala chumba cha ndani, sasa hakohoi tena, anasikiliza redio. Kitu cha kwanza Kiherehere alichokiona ni kwamba dirisha na mlango vyote vimeachwa wazi na upepo unapeperusha vikaratasi. Cha pili ni fundi mwenyewe: amevaa barakoa. Kwake mwenyewe, peke yake, mbele ya cherehani.

Kando kulikuwa na rundo la vinguo. Vidogo mno. Kila kimoja kimekunjwa, kimetiwa kwenye mfuko wake, mfuko umefungwa.

"Karibu, mwanangu. Kaa huko mbali kidogo."

Kiherehere akauliza vinguo ni vya nani, kwa sauti ya kawaida ambayo hakujua ameitoa wapi. Fundi akamwambia binti yake wa pekee amejifungua. Miaka tisa ya kusubiri, mimba tatu zimetoka, ya nne imekaa. Mtoto wa kike, ana siku ishirini na tatu, anakaa mtaa wa tatu tu kutoka hapa. Akishona kitu, anakifua, anakianika juani siku mbili, anakitia mfukoni, jirani anakipeleka. Saa tano kila siku binti anapiga simu ya picha, bibi anamwona mjukuu.

"Hujaenda kabisa?" aliuliza Kiherehere.

"Niende nikampe nini?" Fundi aliinuka, akafungua droo ya cherehani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya vifungo. "Wewe mwanangu hujawahi kunificha. Nisomee hapa."

Ilikuwa fomu ya kumpeleka picha ya kifua. Mwandiko wa Dokta, wa haraka, wa kizee. Dokta mwenyewe, mwenye amri yake, siku ile kwa wasiwasi alisahau. Kwenye mstari wa sababu aliandika: MAIT chini sana.

"Wamesema picha ni safi," alisema fundi. "Sista kasema nisiogope. Mimi nikasema hewala. Lakini karatasi nimeisoma, na mimi darasa la saba nimelimaliza. Hapo imeandikwa maiti. Herufi moja tu wamenibania, sijui kwa huruma."

Mtu mwingine angecheka. Mungu apishe mbali, hata Kiherehere kicheko kilimtekenya kooni, cha woga, akakimeza kikashuka kama mfupa. Akasogea, akaeleza. Si maiti, mama, ni kifupisho cha Kiingereza, ndizo zilezile seli za kiherehere, zile za jirani na ndoo. Hakuna aliyekuandikia kifo. Alieleza vizuri, kwa kweli ni kipaji chake, na fundi alisikiliza akaitikia kichwa polepole mpaka mwisho. Akaikunja karatasi tena mara nne.

"Sawa. Si maiti. Lakini zimeshuka?"

Redio chumba cha ndani ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira. Kiherehere alizisikia zote, timu na magoli.

"Hazijashuka, mama," alisema. "Zile si zako."

"Ni za nani?"

"Zangu."

Likatoka lote, bila mpangilio, breki kabla ya jino, taji kabla ya damu. Fundi hakumkatiza. Aliuliza kitu kimoja tu, hiyo breki inafanya nini hasa, na Kiherehere alipoeleza, fundi akaweka kiganja juu ya gurudumu la cherehani yake, akalizungusha, akalikamata ghafla. Uzi ukajisokota chini ya sindano.

"La breki nimelielewa," alisema. "Huu mkono umelikamata hili gurudumu vibaya mara ngapi. Nafumua, naanza upya, namwambia mwenye nguo samahani njoo kesho. Hilo la pili ndilo sijalielewa, dada."

Dada. Si mwanangu. Alilisema bila ukali, kama anavyomwita mteja aliyekuja mara ya kwanza, na Kiherehere alihisi masikio yake yanapata moto mpaka kwenye ncha.

"Ulipoandika namba yangu kwenye damu yako, ulinifikiria?"

Angeweza kudanganya hapo, lingekuwa dogo. "Hapana, mama. Nilijifikiria mimi."

Simu ikaita. Saa tano. Fundi akaipokea, akashusha barakoa chini ya kidevu, na kwenye kioo kikatokea kidole kikubwa, kisha dari, kisha uso wa kitoto umekunjamana kama embe lililosahaulika. Binti akaanza kusimulia mtoto alivyowakesha. Fundi akamwachia amalize. Kisha akaigeuza simu, akaielekeza kwa Kiherehere.

"Nikisema mimi ataona najifariji. Mwambie wewe, kwa mdomo wako."

Alisema. Kukiri mara ya pili ni kubaya kuliko ya kwanza, usidanganywe na wanaosema ukishatoa la moyoni unakuwa mwepesi. Mara hii alikuwa anajisikia anavyosikika. Binti hakumtukana. Alimtazama tu kwenye kioo, mtoto begani, akauliza kama ana mtoto. Hana. Akauliza kama ana mama. Kiherehere akajibu ana shangazi.

"Basi siku shangazi yako akipata mjukuu," alisema binti, kisha hakumalizia. Simu ikakatika.

Fundi alishasimama. Alifunika cherehani kwa kitambaa chake, akavua barakoa, akaitupa kwenye ndoo ya vipande, akaanza kufungua vile vifuko kimoja kimoja, anatoa vinguo, anavipanga mkononi bila mifuko. Alimwambia mumewe kwa sauti anatoka, na mumewe akauliza kwenda wapi, naye akajibu kwenda kumshika huyo mjukuu wako unayenikosesha usingizi kwa kumwulizia. Mzee akapunguza redio.

Mlangoni fundi akageuka. "Hicho kikopo changu cha makohozi utakipeleka?"

"Nitakipeleka."

"Kipeleke. Na namba yangu uiandike vizuri."

Akaondoka kwa hatua za mtu aliyechelewa siku ishirini na tatu. Kiherehere alibaki kibarazani na kikasha, akaiandika ile namba, mbili na saba, akairudia.

Kwa Dokta ilikuwa mara ya tatu kukiri, na ndiyo fupi. Alisimama, hakukaa. Dokta alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akavua tena.

"Na wengine wangapi?"

"Huyo mmoja tu, Dokta. Naapa."

"Mimi nitajuaje?"

Hilo hakulitegemea. Alikuja amejiandaa kupoteza namba ishirini na saba na pengine kazi. Hakujua kwamba kwa tyubu nne ameshazitia doa zote, mia moja na kumi na tatu za kabla yake na za baada yake, kila picha, kila taji. Watu wa maadili wakaandikiwa, kazi ikasimama. Mwenzake wa jino na Mzee wa Grafu wakatumia wiki tano kuzitoa sampuli kwenye tangi moja moja, kulinganisha za kila mtu, kuthibitisha kwamba damu ya kwanza, ya pili na ya tatu ni za mwili mmoja. Zote zilikuwa sawa. Isipokuwa ile. Lakini wiki tano watu walikula chakula cha mchana wamesimama, na yeye alipita koridoni akiwa amebana mgongo ukutani kama mtu anayepisha jeneza.

Siku ileile aliyokiri kwa Dokta, alipokuwa ameshika kitasa atoke, Dokta alikuwa amemwita. Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo.

"Ile sifuri nukta tatu ni damu yako. Kesho asubuhi kapige picha ya kifua."

Akapiga. Akatoa na makohozi, akasubiri zile wiki zake, na akajua kusubiri kulivyo: kulala na dirisha wazi, kumkwepa shangazi jikoni, kujisikiliza kila kikohozi. Shangazi alimwona na barakoa ndani ya nyumba, akauliza, akaambiwa. Hakugomba. Alikaa kitako kwenye kigoda, akasema polepole kwamba miaka yote ameomba huyu mtoto ajifunze kunyamaza, na tazama siku aliyochagua.

Mapafu yake yalikuwa safi. Dokta akamweleza kwamba wapo watu ambao seli hizo wanazo chache tu tangu zamani, wazima kabisa, na hakuna anayejua vizuri kwa nini. Mzee wa Grafu, aliyekuwa hajamtania wiki zote hizo, alishindwa kujizuia.

"Yaani kiherehere chote kimeishia mdomoni," alisema. "Cha kwenye damu hakikubaki."

Hakuna aliyecheka sana. Yeye alitamani wangecheka.

Mezani hakurudishwa. Barua yake iko kwa watu wa maadili, itajibiwa ikijibiwa. Kwa sasa anakaa pale mapokezi, ghorofa ya chini, na daftari la wageni: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Na wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mlango ukafunguliwa, akaingia mama mrefu mwenye futi shingoni na doa la maziwa begani.

Makohozi yake hayakuota kitu. Aliambiwa anaweza kujitoa kwenye utafiti, hakuna atakayemlaumu. Akasema atatoa damu ile ya mwisho, kwa sababu bado anataka kujua kwa nini yeye haumwi, na asiambiwe na mtu mwingine damu yake inasema nini.

Kiherehere alisimama, akamwamkia. Akaitikiwa. Akasukuma daftari. Fundi akaandika jina lake taratibu, herufi zote, akaangalia saa ya ukutani, akaiandika.

"Leo nani anazungusha?"

"Yule kaka wa grafu, mama. Na breki ameshatoa, nime..."

"Nimekuuliza nani anazungusha."

Akafunga mdomo. Fundi akapanda ngazi. Baada ya muda sauti yake ikasikika juu, koridoni, inamwuliza Mzee wa Grafu breki iko wapi, amwonyeshe kwa kidole, na Mzee wa Grafu, mtu wa maneno yake, anajibu ndiyo mama, sifuri mama, hii hapa mama. Mwenzake wa jino akacheka. Kisha mashine ikaanza kuvuma.

Kiherehere alikaa na kalamu. Alihesabu dakika ishirini na tano kwenye saa ya ukutani, na alipousikia mvumo unaanza kupungua alijikuta ameinua kiganja juu ya daftari, kama vile kuna kitu cha kukamata. Akakirudisha pajani. Juu kule mashine iliendelea kuzunguka, polepole, polepole, inajichokea yenyewe.